Nani huamua kisu kianzie wapi? Mpangilio wa ukataji katika programu za CNC, yaani mashine zinazoongozwa na kompyuta

Msomaji ameuliza: "Ninakata paneli sita kutoka kwenye bao moja la plaiwudi lenye milimita 2440 kwa 1220 na unene wa milimita 18. Kila paneli ina milimita 700 kwa 500, matundu manne ya milimita 8, na dirisha la mstatili katikati. Kazi yote naifanya kwa kisu kimoja cha milimita 6, na bao nimelifunga kwa skrubu pembezoni. Katika paneli mbili mzingo wa nje ulikatwa kabla ya matundu, paneli zikasogea, na matundu yakahama karibu milimita mbili. Isitoshe, kisu kinaruka kutoka pembe moja ya bao hadi nyingine bila sababu ninayoiona. Je, ni mashine au ni programu inayoamua mpangilio huu, nami nitaulazimishaje? Na je, upande ambao kisu kinazungukia kipande una umuhimu wowote?"

Ndugu muulizaji, mashine haiamui chochote. Mashine ya kwanza ya kuongozwa kwa namba, iliyoonyeshwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1952, ilisoma mkanda uliotobolewa matundu, ikatekeleza kila amri kadiri mkanda ulivyopita, na kwa jambo hili hakuna kilichobadilika tangu siku hiyo. Kidhibiti cha mashine yako kinasoma faili ya msimbo wa G, yaani orodha ya amri za mashine, mstari baada ya mstari. Ni kweli kwamba vidhibiti vingi vya sasa hutazama mistari kadhaa iliyo mbele, lakini hufanya hivyo ili kupanga kasi, yaani kujua mahali pa kupunguza mwendo kabla ya kona na mahali pa kuuongeza. Havithubutu kuutanguliza mstari wa kumi mbele ya mstari wa tano. Kwa hiyo paneli zako mbili ziliharibikia kwenye kompyuta kabla hujawasha spindeli, yaani mhimili unaokizungusha kisu, na huko ndiko tunakopaswa kutafuta.

Katika programu ya CAM, yaani ile inayougeuza mchoro kuwa njia ya kisu, mpangilio wa ukataji hutokana na mambo manne yanayopandana, na mkanganyiko huzuka pale mtumiaji anapodhani kwamba kuna moja tu. La kwanza ni mpangilio wa mistari ndani ya mchoro wenyewe, kwa sababu faili ya mchoro huhifadhi mistari kwa mfuatano fulani, ambao mara nyingi ni ule uliotumika kuichora, na baadhi ya programu huufuata zisipoambiwa vinginevyo. La pili ni mpangilio uliotumia kuichagua mistari hiyo kwa kipanya ulipokuwa ukiunda operesheni, yaani kundi la mikato inayopewa mipangilio mimoja. La tatu ni kanuni ya programu ya kufupisha safari za kisu hewani, ambayo katika programu nyingi huwa imewashwa tangu mwanzo. La nne ni orodha ya operesheni kutoka juu kwenda chini, na hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, maana kwa kawaida operesheni ya pili haianzi kabla ya ya kwanza kwisha.

Ninashuku kwamba uliiweka mistari yote, yaani matundu, madirisha na mizingo ya nje, katika operesheni moja, kisha ukaiachia programu ifupishe safari. Kufupisha safari kunaonekana kuwa jambo dogo, lakini matundu 24 yanaweza kupangwa kwa njia nyingi mno, idadi yenye tarakimu 24, na hakuna kompyuta inayozipima moja moja. Programu hutumia njia za mkato, na iliyo rahisi kuliko zote ni hii: ukimaliza kukata hapa, nenda kwenye mahali pa kuanzia palipo karibu zaidi na hapa. Njia hiyo huanza vizuri na kuishia vibaya. Kisu hufuata kilicho karibu, kikaacha tundu moja nyuma pembeni, kikaendelea hadi mwisho wa bao, na ndipo kinapolazimika kuruka bao zima kulirudia lile tundu lililosahauliwa. Miruko unayoiona imetoka huko. Kanuni hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini paneli mbili ziliharibika na nne zikasalimika: katika zile mbili, mahali pa kuanzia mzingo wa nje palikuwa karibu na kisu kuliko tundu lolote, na kanuni isiyojua kwamba mbao zinaweza kusogea haikuwa na sababu ya kusita.

Huenda utasema kwamba programu yako ina chaguo la kukata vya ndani kabla ya vya nje, na kwamba ulilichagua. Chaguo hilo hufanya kazi pale tu programu inapoweza kujua kilicho ndani ni kipi, na haiwezi kujua hivyo ikiwa mzingo wa nje haukufungwa. Mstatili uliochorwa kwa mistari minne ambayo ncha zake zimeachana kwa milimita 0.02 huonekana kwa macho kuwa umefungwa, lakini kwa programu hiyo ni mistari minne isiyo na ndani wala nje. Matokeo yake ni mawili: kanuni ya vya ndani kwanza hupuuzwa bila onyo, na kisu hukata upande mmoja, hupanda juu, huhama, kisha hushuka tena kukata upande mwingine. Kabla hujagusa jambo lolote jingine, tumia amri ya kuunganisha mistari iliyo wazi, uipe nafasi ya kuvumilia ya milimita 0.1 hivi, kisha utumie amri ya kufuta mistari iliyorudufiwa, kwa sababu mstari uliolala juu ya mwenzake hukatwa mara mbili.

Sasa nije kwenye namna ya kulazimisha mpangilio. Ushauri wangu ni kuacha kuibembeleza kanuni ya kufupisha safari na kuigawa kazi katika operesheni tofauti, kwa kuwa orodha ya operesheni ndiyo amri pekee ambayo programu haiifasiri itakavyo. Swali la kujiuliza kabla ya kupanga kila operesheni ni hili: nikishakata hapa, ni nini kitakachokuwa bado kinalishika bao? Kila mkato unapunguza ugumu wa kitu kinachokatwa, kwa hiyo mikato inayohitaji usahihi hufanywa wakati bao bado ni zima, na mikato inayoachanisha vipande hufanywa mwisho. Muda wa safari za hewani huja baada ya hapo, na ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Mzingo wa paneli yako una urefu wa karibu milimita 2400. Ukiukata kwa tabaka tatu za milimita sita sita, kisu husafiri kama mita 7.2, na kwa mwendo wa milimita 3600 kwa dakika hizo ni dakika mbili kwa paneli, au 12 kwa bao zima. Kwa upande mwingine, kuruka kutoka pembe hadi pembe ya bao ni milimita 2728, na mashine yenye mwendo wa haraka wa mita 10 kwa dakika huimaliza safari hiyo kwa sekunde 16 au 17. Hata ikiruka mara kumi, umepoteza chini ya dakika tatu, na paneli moja iliyoharibika ina gharama kubwa kuliko dakika hizo.

Kwa kazi yako ningeanza na operesheni ambayo pengine hukuifikiria, nayo ni matundu ya skrubu. Skrubu zilizo pembezoni hazizuii katikati ya bao kuinuka, na plaiwudi mara nyingi huwa na mgongo. Chagua mahali pawili ndani ya kila dirisha, katika sehemu itakayotupwa na mbali na njia ya kisu, uiamuru mashine itoboe vitundu 12 kwa jumla, kisha uweke amri ya kuinua kisu, ya kuzima spindeli (M5) na ya kusimamisha programu (M0). Utafunga skrubu zako hapo ukijua kwa hakika kwamba kisu hakitakutana nazo, kwa sababu mahali pake pamewekwa na mchoro uleule unaoongoza kisu. Yale makombo ya dirisha, ambayo yakikatika huru yanaweza kurushwa au kujipachika kwenye kisu, nayo yatakuwa yamefungwa mahali pake.

Operesheni ya pili ni matundu 24 ya bao zima. Hapa, kwa kuwa hakuna kinachoachana na kitu, unaweza kuiruhusu programu ifupishe safari itakavyo, au uchague mpangilio wa safu kwa safu ambao ni rahisi kuufuatilia kwa macho. Jihadhari na mwendo: tundu la milimita 8 likikatwa kwa kisu cha milimita 6, kitovu cha kisu huzunguka duara lenye nusu kipenyo cha milimita moja tu. Mwendo wa milimita 3600 kwa dakika ndani ya duara dogo hivyo unaidai mashine mchapuko wa milimita 3600 kwa sekunde kwa sekunde, na mashine nyepesi zitatikisika na kutoa tundu lenye umbo la yai. Punguza hadi 900 hivi, na mchapuko unaodaiwa hushuka hadi 225, kwa kuwa hupungua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kisu kishuke kwa mzunguko wa parafujo, kisizamishwe wima.

Ya tatu ni madirisha, na ya nne ni mizingo ya nje. Ninasisitiza kwamba madirisha yote ya bao yatangulie mizingo yote, badala ya kumaliza paneli moja kabla ya kuingia nyingine. Wapo mafundi wanaopendelea kumaliza kipande kimoja kimoja, na wana hoja nzuri pale meza ya kufyonza hewa inapokishika kila kipande kivyake, au pale wanapotaka kuondoa vipande vilivyokamilika huku mashine ikiendelea. Kwenye bao lililofungwa kwa skrubu, hoja hiyo haina nguvu. Ndani ya operesheni ya nne yenyewe, ningezitanguliza paneli mbili za katikati kabla ya zile nne za pembeni, nikizichagua kwa mkono moja baada ya nyingine na kuiamuru programu ifuate mpangilio wa kuchagua, ili sehemu iliyo dhaifu zaidi ikatwe wakati fremu inayoizunguka bado haijaguswa.

Angalizo moja kuhusu hatua hii. Kwa kuwa operesheni zote zinatumia kisu kilekile, baadhi ya programu, wakati wa kuandika faili ya mwisho, zina chaguo la kuzipanga upya ili kupunguza kubadilisha visu. Kwenye kazi ya kisu kimoja halitaleta madhara, lakini siku utakapoongeza biti ya drili kwa ajili ya matundu, chaguo hilo linaweza kukusanya kazi zote za kisu cha milimita 6 na kuzitanguliza, mizingo ya nje ikiwemo, kisha biti ya drili ije kutoboa paneli zilizokwisha kuachana. Lizime, nawe ulibebe jukumu hilo mwenyewe.

Hata kwa mpangilio huu, paneli itakapofika mzunguko wake wa mwisho haitakuwa na kitu cha kuishika usipoiachia kitu. Njia ya kwanza ni vishikizo, yaani visehemu vya mbao ambavyo kisu huviruka kwa kupanda juu kidogo katika tabaka ya mwisho. Kwa paneli ya ukubwa wako, vishikizo sita vyenye upana wa milimita 8 na unene wa 3 vinatosha. Viweke kwenye sehemu zilizonyooka, mbali na pembe, kwa sababu kuvisafisha kwa patasi penye pembe ni kazi ya kuudhi. Njia ya pili ni kuacha utando wa milimita 0.5 chini ya paneli zote, kisha operesheni ya mwisho kabisa ikapita kuukata utando huo, kwa nguvu ndogo isiyoweza kukisogeza kipande. Utando unafaa zaidi kwenye meza ya kufyonza hewa, na una sharti ambalo wengi hulisahau: sifuri ya mhimili wa Z, ule wa juu na chini, ichukuliwe juu ya meza, isichukuliwe juu ya bao. Plaiwudi inayoitwa ya milimita 18 mara nyingi haina 18 kamili, tena unene wake hutofautiana kati ya ncha moja na nyingine. Ukipima kutoka juu, tofauti ya milimita 0.5 inaumeza utando wote ukipimia mahali pembamba, au kuuongeza mara mbili ukipimia mahali panene. Kwa kazi yako ningetumia vishikizo.

Kuna uamuzi mwingine unaohusu kina, ambao programu huuficha ndani ya kisanduku kimoja cha kuweka alama: je, kila mzingo ukatwe hadi chini kabisa kabla ya kuhamia mwingine, au tabaka ya kwanza ya mizingo yote ikatwe kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu? Ukiwa na vishikizo, kata kila mzingo hadi chini. Safari zinapungua na hakuna hasara. Ukiwa na kuta nyembamba zilizosimama, kama ubavu wa alumini kati ya vishimo viwili visivyotoboka, shuka tabaka kwa tabaka pande zote mbili kwa zamu, ili ukuta upate msaada wa nyama iliyo chini yake kila wakati unapoguswa. Ukikata upande mmoja hadi chini kisha ukageukia wa pili, ukuta hutetemeka, na alama za mtetemo huo hubaki usoni mwake.

Mahali pa kuanzia kila mzingo nako si jambo la urembo tu. Kisu kinapoingia moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho huacha alama, kwa hiyo kiingizwe kwa tao linalougusa mstari taratibu kikitokea upande wa makombo, na kipite mbele ya mahali kilipoanzia kwa milimita chache kabla ya kutoka. Pawekwe katikati ya upande ulionyooka, kamwe pasiwe kwenye pembe. Na kwa kuwa kanuni ya kufupisha safari hupima umbali hadi mahali pa kuanzia, kuhamisha alama hiyo moja kunaweza kuubadilisha mpangilio wa bao zima. Mtu aliyehamisha mahali pa kuanzia mzingo mmoja ili kuficha alama, kisha akatoa faili upya bila kuiangalia, asishangae kukuta kazi iliyokuwa sawa jana imegeuka leo.

Swali lako la tatu, kuhusu upande wa mzunguko, linastahili jibu refu kidogo. Spindeli inayozunguka kwa kufuata mishale ya saa ikitazamwa kutoka juu, ambayo ndiyo hali ya kawaida iitwayo na amri M3, huweza kukata kwa namna mbili. Kisu kikisafiri huku kipande kikiwa upande wake wa kulia, meno yake huingia kwenye sehemu nene ya randa, yaani kile kipande chembamba kinachobanduliwa, na kutokea kwenye nyembamba. Tuite huku kukata kwa kufuata mzunguko. Kipande kikiwa upande wa kushoto, meno huanza na randa lenye unene wa sifuri, husugua kidogo, kisha huchimba na kutokea penye unene. Huku ni kukata kwa kupinga mzunguko. Ili kufuata mzunguko, mzingo wa nje ukatwe kwa mwelekeo wa mishale ya saa, na dirisha au tundu likatwe kinyume chake. Watu huchanganyikiwa hapa kwa sababu mielekeo miwili ni tofauti ilhali namna ya kukata ni moja. Wakikumbuka tu kwamba kipande kiwe kuliani, hawatapotea.

Katika alumini na chuma, kufuata mzunguko ndiko kunakopendelewa, maana meno hayasugui kabla ya kukata, joto hutoka pamoja na randa, na uso huwa laini. Sharti lake ni mashine isiyo na ulegevu kwenye parafujo zake, kwa kuwa kisu hujivuta mbele na kuunyakua ulegevu huo. Katika mbao mambo si mepesi hivyo. Kukata kwa kufuata mzunguko hukisukuma kisu chembamba mbali na ukuta, kwa hiyo kipande hutoka kikubwa kidogo kuliko mchoro. Kupinga mzunguko hukivuta kisu ndani ya ukuta, na kipande hutoka kidogo. Kisu cha milimita 6 kinachokata plaiwudi ya 18 kinapinda vya kutosha kwa tofauti hiyo kupimika. Dawa yake, nayo tena ni suala la mpangilio, ni kuugawa mzingo wa nje katika operesheni mbili: ya kwanza ikate tabaka tatu huku ikiacha akiba ya milimita 0.5 ubavuni, na ya pili ipite mara moja kwa kina chote kuiondoa akiba hiyo, vishikizo vikiwa mahali palepale katika zote mbili. Mkato wa pili ni mwepesi, kisu hakipindi sana, na mfereji uliopanuka kwa nusu milimita huyapa maranda nafasi ya kutoka. Kuhusu mwelekeo wa mkato huo wa pili, jaribu yote mawili kwenye kipande cha kutupa, kwa sababu jibu hutegemea kisu na veniri (ubao mwembamba wa uso wa plaiwudi) zaidi kuliko kanuni yoyote ninayoweza kukuandikia. Ukiwa na kisu ambacho ncha yake hunyanyua maranda na sehemu yake ya juu huyasukuma chini, hakikisha tabaka ya kwanza ina kina kinachozidi ile ncha inayonyanyua, la sivyo veniri ya juu itachanika licha ya kisu chenyewe kutengenezwa ili kuzuia hilo.

Usibadili mwelekeo kwa hila pia. Ukihitaji paneli ya kushoto na ya kulia, geuza mchoro kwenye programu na utoe njia ya kisu upya. Amri ya kidhibiti ya kugeuza kama kioo hugeuza njia nzima, na mkato uliokuwa ukifuata mzunguko huanza kuupinga bila mtu kukusudia. Wanaokata chuma kwa plazma wana sheria inayofanana na hii ingawa sababu yake ni nyingine: gesi huzungushwa ndani ya mdomo wa tochi, na kwa mzunguko wa kawaida upande wa kulia wa mwendo ndio unaotoka ukiwa wima zaidi, ndiyo maana nao huzunguka mzingo wa nje kwa kufuata saa na matundu kinyume chake.

Jambo ambalo hukuliuliza, lakini lina uhusiano na miruko unayoilalamikia, ni njia ambayo kisu hufuata kikiwa hewani. Kwenye skrini mwendo wa haraka, G0, huchorwa kama mstari mnyoofu, lakini vidhibiti vingi huuendesha kila mhimili kwa kasi yake ya juu bila kuusubiri mwingine. Ukiiamuru mashine ya namna hiyo itoke X0 Y0 iende X2000 Y500, na mihimili yote miwili ikiwa na kasi sawa, itakwenda mshazari hadi X500 Y500, kisha itanyooka na X peke yake. Niliwahi kuvunja kisu kipya kwa kutolijua hilo: skrini ilionyesha mstari ukipita mbali na kibano, mashine ikapitia juu ya kibano chenyewe, na urefu wa usalama niliouweka ulikuwa milimita tano juu ya bao wakati kibano kilikuwa na 20. Tangu hapo ninaupima urefu wa usalama kutoka kwenye kitu kirefu kuliko vyote mezani. Kwa matundu yaliyo karibu karibu mtu anaweza kuruhusu kisu kiinuke kidogo tu kati ya tundu na tundu. Katika mizunguko ya kutoboa kama G81 na G83, amri G99 hukirudisha kisu kwenye kimo cha chini cha R, na G98 hukirudisha kwenye kimo cha mwanzo. Penye kibano, tumia G98.

Zihifadhi operesheni zako katika faili tofauti, angalau mizingo ya nje iwe peke yake. Kazi ikikatika katikati kwa sababu ya umeme au kisu kuvunjika, kuanzia mstari wa katikati wa faili ndefu ni hatari, kwa kuwa amri zinazodumu, kama vipimo vya milimita (G21), nukta ya mwanzo ya kazi (G54), na hata mzunguko wa spindeli, zilitolewa mwanzoni na huenda kidhibiti hakitazirudia. Faili fupi inayoanza na amri zake zote hurudiwa tangu mwanzo bila kubahatisha, na hasara yake kubwa ni kisu kupita tena mahali kilipokwisha kukata.

Ukiwa tayari, tazama onyesho la njia ya kisu kwa mwendo wa polepole kwenye skrini, kisha endesha faili nzima hewani ukiwa umeipandisha sifuri ya Z kwa milimita 50, mkono ukiwa karibu na kitufe cha kusimamisha. Baada ya hapo fungua faili kwa programu ya kawaida ya maandishi na uhesabu ni mara ngapi kisu kinateremka kutoka kwenye urefu wa usalama. Mipando midogo ya vishikizo usiihesabu, kwa kuwa haifiki juu. Kwa bao lako, ikiwa programu haiinui kisu kati ya tabaka na tabaka, ninatarajia mara 12 za vitundu vya skrubu, 24 za matundu, sita za madirisha, sita za mizingo yenye akiba na sita za mkato wa mwisho, yaani 54 kwa faili zote kwa pamoja. Ukipata zaidi ya hapo, usiwashe spindeli. Rudi kwenye mchoro, kwa maana kuna mzingo ambao bado haujafungwa.